Maili Moja ya Ambakisye Ng'ambo ya Songwe

Ndugu zangu,

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye sokoni au mlangoni mwa kanisa huniuliza safari ilikuwaje, na kabla sijafungua kinywa hunisimulia yeye mwenyewe. Nimekwisha kusikia kwamba tulizama mtoni, kwamba tulilala mahabusu Nyasalandi, na kwamba mimi, kwa umri wangu huu, nilicheza mpira. Hakuna hata mmoja kati ya wasimulizi hao aliyekuwapo. Mimi nilikuwapo. Anayetaka kujua asome haya. Asiyetaka kusoma aache pia kusimulia.

Wanafunzi walikuwa kumi na wanane, wote wa shule niliyofundisha kabla ya kustaafu. Waliandaliwa ziara ya siku moja Karonga, upande wa Nyasalandi, ng'ambo ya mto Songwe, wakaone viwanja vya michezo na mahali pa kumbukumbu. Mwalimu Festo, mwalimu wao wa michezo, bado ni kijana, na wazazi wakataka awe na mtu mwenye mvi pembeni. Habari za vibali na barua siziandiki.

Kwa wanafunzi kumi na saba ilikuwa matembezi. Kwa wa kumi na nane, Ambakisye, kijana Mnyakyusa mwenye miguu mirefu na maneno machache, mambo yalikuwa mengine. Ambakisye hukimbia maili moja kwa kasi ambayo sijaiona kwa mwanafunzi mwingine. Chuo kimoja cha ualimu kilikuwa tayari kumpa nafasi, na kamati ya michezo ya jimbo ilikuwa tayari kumpeleka Dar es Salaam kwenye mashindano, kwa sharti moja: akimbie maili hiyo kwa muda usiozidi dakika nne na sekunde arobaini, katika uwanja uliopimwa na mpima ardhi, mbele ya mashahidi wawili watu wazima. Uwanja wetu una mteremko, na ulipimwa kwa hatua za Mwalimu Festo. Kamati ilisema muda wa uwanja huo ni habari za kuambiwa tu. Iliniuma, lakini ningekuwa mjumbe wa kamati ningesema vivyo hivyo.

Misheni moja ya Karonga ina uwanja wa mbio uliopimwa kwa mnyororo wa mpima ardhi. Ndiyo sababu nilikubali kupanda lori.

Iringa hadi Mafinga

Tuliambiwa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tuliondoka saa mbili, kwa sababu Salumu, dereva wetu, mzaliwa wa Iringa ambaye wazee wake walitoka Bagamoyo, hakubali kushika usukani kabla mkewe hajamfungia chapati.

"Mzee wangu," aliniambia nilipomwonyesha saa, "lori bila petroli haliendi, na dereva ni hivyo hivyo."

Mwezi ulikuwa wa saba, na baridi ya Mafinga mnaijua. Gurudumu la nyuma lilitoboka hapo hapo, mahali pasipo na kivuli wala haja ya kivuli. Tulipokuwa tunaliziba, akapita mtu na baiskeli, akatuambia kwa uso wa msiba kwamba daraja la karibu na Chimala limechukuliwa na maji. Salumu akaanza kukunja jeki ili tugeuze.

Nikamwuliza yule mtu, "Umeliona?"

"Nimeambiwa na mtu wa lori, mzee."

"Naye aliliona?"

Akafikiri. "Yeye naye aliambiwa."

"Na maji hayo yametoka wapi, Julai hii?"

Akapanda baiskeli yake. Nikamwamuru Salumu aendelee. Alinung'unika mpaka Makambako. Daraja tulilikuta mahali pake, na juu yake amelala mbuzi ambaye ilibidi Mwalimu Festo ashuke kumwamsha.

Chimala

Chimala tulifika alasiri, njaa imetushika sote. Mpunga ulikuwa umevunwa, na harufu ya mchele mpya ilikuwa kila mlango. Mama mmoja Msangu mwenye kibanda cha chakula alitutazama tukishuka, vijana wamevaa fulana nyeupe zote sawa, akapiga makofi.

"Kwaya! Karibuni, watumishi. Mniimbie kwanza, nitawapakulia vizuri."

Nilikuwa nafungua kinywa kumsahihisha, lakini Galus, Mhehe mnene asiyechelewa penye sufuria, alikwisha kuanzisha wimbo wa kanisani. Wakaimba beti mbili, kila mmoja kwa sauti aliyojichagulia. Yule mama akapakua wali kwa kijiko kikubwa, na juu yake kuku wa mchuzi, vipande viwili viwili.

Dhamiri yangu haikuniruhusu kula. Nikamwendea. "Mama, samahani. Hawa si kwaya. Ni wanafunzi wanaokwenda kutazama viwanja."

"Najua, baba," akasema huku akinijazia sahani. "Kwaya huimba vizuri."

Mbeya hadi Tukuyu

Tulilala Mbeya katika shule moja iliyotupa darasa na majani makavu ya kulalia. Asubuhi tukapanda milima kuelekea Tukuyu, na huko tukakuta mvua, maana Tukuyu haifuati kalenda ya watu wengine. Wanafunzi walitembea kunyoosha miguu wakati Salumu akingoja ukungu upungue. Hapo nilikasirika. Bibi mmoja alikuwa anapanda kilima na mkungu wa ndizi kichwani, na vijana kumi na saba wakampita wakicheka, bila hata mmoja kumwamkia. Ambakisye peke yake alishuka kando ya njia, akainama, mikono pamoja, akasema, "Mugonile, juba," akakaa hivyo mpaka bibi alipomaliza kumjibu, na bibi hakuwa na haraka.

Niliwapanga mstari pale pale kwenye mvua. "Mwenye kumpita mtu mzima bila salamu," nikawaambia, "hata kama amefukuzwa na simba, hakusoma kitu. Mmeona alivyofanya Ambakisye? Kuanzia leo kila mmoja afanye hivyo, Tanganyika na ng'ambo. Nimeeleweka?"

"Umeeleweka, Mwalimu!"

Naomba maneno hayo myaandike kwenye hesabu ya makosa yangu. Mtaona sababu.

Tulikula kwa kina Ambakisye: ndizi zilizopikwa na maharage, na maziwa ya mgando katika kibuyu. Mwalimu Festo aliyapenda maziwa hayo kupita kiasi. Nilihesabu vikombe vitano, nikanyamaza kwa heshima ya wenyeji. Baba yake Ambakisye, mkulima wa kahawa, alinipeleka nyuma ya nyumba.

"Mwalimu, mimi sielewi mbio," akasema. "Mtu anakimbia, anarudi alipotoka. Nimemvumilia. Mjomba wake yuko Chunya kwenye dhahabu, amemtafutia kazi. Mkirudi na karatasi ya chuo, sawa, atasoma. Mkirudi mikono mitupu, ateremkie hapa hapa na sanduku lake."

"Anajua?"

"Anajua. Nimemwambia yeye kabla yako."

Nilimtazama kijana upande wa pili wa ua. Alikuwa anamsaidia mama yake kuanua kahawa, kana kwamba kesho ni siku kama nyingine.

Kuvuka Songwe

Siku ya tatu tuliteremka kabla ya jua kupanda, na kila mteremko tulivua nguo moja, mpaka tulipofika mtoni sote tuna fulana na jasho. Kivuko cha Songwe ni pantoni inayovutwa kwa kamba, nayo huchukua lori moja kwa mara moja, watu wakisimama pembeni. Mvutaji mkuu alitutangazia kwamba safari ya mwisho ya kurudi ni saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo huenda nyumbani kula.

Galus alikuwa ameambiwa na Salumu kwamba ukivuka Songwe maji ya kunywa hubadilika ladha. Nilimpa kikombe ajaribu pande zote mbili. Alisema hayana tofauti ila ya ng'ambo yana mchanga. Hivyo ndivyo mtu anavyopata elimu, na tumbo lake halikudhurika.

Karonga, asubuhi

Tulifika saa tatu. Kwanza tulipelekwa kwenye makaburi ya askari wa vita vya Mjerumani. Wanafunzi walisoma majina kwa kunong'ona, na hapo sikuwa na haja ya kumkemea mtu.

Kisha tukaenda kutazama uwanja wa tenisi wa Wazungu wa boma. Tuliuona kupitia uzio, maana hatukukaribishwa ndani. Umetengenezwa kwa udongo wa kichuguu uliopondwa na kushindiliwa mpaka unang'aa kama sakafu ya nyumba iliyosiribwa. Wazungu wawili walikuwa wanapigiana mpira.

"Mwalimu," Galus akauliza, "mbona kila mara wanaombana radhi?"

"Ndiyo kanuni ya mchezo."

"Basi wangecheza polepole tu, wasikoseane."

Mlinzi wa uwanja, aliyekuwa anajifanya kutotuona, alicheka mpaka akaangusha fagio.

Uwanja wa mpira ulio karibu na soko tuliukuta umetandazwa usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, unaanikwa juani kutoka goli hadi goli. Wenyeji walituambia mpira huchezwa usipa ukikauka. Chakula chetu cha mchana kilitoka katikati ya uwanja huo: usipa wa kukaanga na ugali wa muhogo, mzito na wa kunata, ambao ulimnyamazisha Galus kwa mara ya kwanza tangu Iringa. Ambakisye alikula kidogo. Mwalimu Festo alikula cha watu wawili, juu ya maziwa ya jana.

Mzunguko wa pili

Saa nane tulifika uwanja wa misheni. Mizunguko minne hufanya maili kamili, na vigingi vya mpima ardhi bado vipo. Nilivikagua kimoja kimoja. Nyasi zilikuwa zimekatwa. Shule ya misheni ilikuwa imefungwa, hapakuwa na mtu. Jambo moja tu sikulipima: njia nyembamba ya miguu iliyokata uwanja kwenye kona ya mbali. Njia hiyo ilikuwapo kabla ya uwanja, na watu wa vijijini huipita kwenda sokoni na kurudi.

Ambakisye alivua viatu vyake vya raba vilivyochanika, akasimama mstarini miguu mitupu. Mimi nilishika saa ya shule ya kupimia mbio. Mwalimu Festo, shahidi wa pili, alisimama kando yangu akijishika tumbo.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzuri kiasi kwamba niliitazama saa mara mbili. Katika wa pili, alipokaribia kona ya mbali, akatokea mzee mwenye shuka begani na fimbo, anatoka sokoni, akaingia njiani. Naye Ambakisye, katika kasi ile, akasimama. Akatoka nje ya mstari, akainama, mikono pamoja. Tuliisikia salamu yake kutoka ng'ambo ya uwanja. Yule mzee naye akasimama, akaitikia, akaendelea kuuliza, maana Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Tukuyu husalimiana kwa namna moja, nayo si fupi: nyumbani, ng'ombe, baba, mama, mvua.

"Kimbia!" Mwalimu Festo akapiga kelele. "Ambakisye, kimbia!"

Ambakisye hakugeuka. Alikuwa bado kwenye habari za mvua.

Nilisimamisha saa. Wanafunzi wote walikuwa wananitazama mimi, si yeye. Walikuwa wanakumbuka simba wangu.

Migongo

Kijana alirudi anatembea, ameongozana na yule mzee, ambaye alijitambulisha kuwa Mzee Mwambene. Alizungumza Kiswahili alichojifunza Tanga katika mashamba ya mkonge. Uso wake ulikuwa umejaa furaha.

"Kijana huyu amelelewa," akaniambia. "Nani mwalimu wake?"

"Mimi."

"Hongera sana, ndugu yangu."

Nilimweleza alichokivunja bila kujua: chuo, kamati, Chunya. Furaha ikamtoka. Nilimgeukia Ambakisye. "Utaweza tena?"

"Nitaweza, Mwalimu. Nikipumzika kidogo."

"Na akipita mzee mwingine?"

Aliangalia chini. "Nitajaribu kutosimama. Lakini Mwalimu, miguu itakataa."

Ningeweza kumwamuru asisalimie. Nilikwisha kufungua kinywa. Lakini nilikuwa nimewapanga mstari kwenye mvua siku moja tu kabla, na sikupata namna ya kulisema bila kula maneno yangu mbele ya vijana kumi na wanane. Saa ilikuwa tisa kasoro. Mzee Mwambene akasema leo ni siku ya soko, na sasa ndipo wazee wanaporudi. Njia haiwezi kufungwa, ni ya watu.

Akawaza, fimbo yake ikichora mchangani. "Tutampa mgongo," akasema.

"Vipi?"

"Mzee aliyekupa mgongo hajakuona. Asiyekuona humsalimii, usije ukamshtua. Si ndivyo, mwanangu?"

Ambakisye akacheka, mara ya kwanza tangu tutoke kwao. "Ndivyo, tata," akasema, yaani baba.

Sijui kama hiyo ni mila ya kale au aliitunga pale pale. Nilimwuliza, naye alicheka tu, kwa hiyo siwezi kuwathibitishia. Ninachothibitisha ni hiki: alikwenda kwenye njia, na kila mzee aliyetokea sokoni alimzuia, akamweleza, akamsimamisha kando ya uwanja akitazama nje. Walifika kumi na mmoja, na Mzee Mwambene wa kumi na mbili kwenye kona yenyewe, wote na fimbo zao na vikapu vyao vya usipa, wametupa migongo kama watu waliokasirika.

Saa tisa na nusu nikasema, "Nenda!"

Alikimbia. Sitapamba. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzito kidogo kuliko ule wa mchana, wa pili ukalingana. Katika wa tatu nilianza kuona hesabu inakuwa ngumu. Wanafunzi walikimbia ndani ya uwanja wakimwita kwa jina. Wazee hawakugeuka hata mmoja, ingawa mmoja alikuwa anatikisika mabega kwa hamu. Macho yangu yalikuwa kwenye saa na kwenye mstari. Alipokata mstari nilibonyeza: dakika nne, sekunde thelathini na nane na sehemu mbili kwa tano za sekunde.

"Mwalimu Festo!" nikaita. "Njoo uione!"

Hapakuwa na Mwalimu Festo. Alikuja baadaye kidogo kutoka kwenye choo cha misheni, anafunga mkanda, uso umepauka.

"Tunaanza?" akauliza.

"Tumemaliza."

Akaketi chini pale pale. Salumu alikuwa ziwani ananunua samaki. Kila mtu mzima mwingine uwanjani alikuwa ametazama upande usio na mbio. Nilikuwa na shahidi mmoja, nafsi yangu, na karatasi yenye mistari miwili ya sahihi. Mwalimu Festo alisema kwa sauti ndogo, "Naweza kutia sahihi, Mwalimu. Nimeamini."

"Hukuona."

"Lakini wewe umeniambia."

"Ndiyo maana hutatia sahihi."

Ambakisye alikuwa amelala nyasini, kifua kinapanda na kushuka. Alisikia yote. Nguvu za kukimbia mara ya tatu hakuwa nazo, na muda wa kivuko ulikuwa unatubana.

Hapo Mzee Mwambene akaja. "Mimi nitaweka kidole," akasema.

"Mzee wangu, ulitazama mlimani."

"Sikuona, kweli. Lakini kijana amepita nyuma yangu mara nne, karibu kunigusa shuka. Mara mbili za kwanza miguu yake ilikuwa ngoma moja. Mara ya tatu mguu wa kushoto uligusa nusu. Mara ya nne ulikuwa unagusa kwa ukingo tu. Kitu kimemwingia mguu wa kushoto, na hakupunguza mwendo. Nenda ukatazame, mwalimu."

Mimi sikuwa nimeona kijana akichechemea. Nilipiga magoti, nikaushika mguu wa kushoto, nikaugeuza. Katikati ya unyayo palikuwa na mwiba umezama wote, na damu imechanganyika na vumbi mpaka kwenye kisigino.

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza.

"Ungesimamisha saa, Mwalimu."

Niliandika karatasi ile mimi mwenyewe, juu ya goti langu. Kisha nikampa Mzee Mwambene wino, akaweka kidole.

Kurudi

Pantoni tuliipata, kwa kuwa mvutaji alimngoja Salumu, aliyekuwa amemwahidi samaki. Tukuyu, baba yake Ambakisye alisimama barabarani akingoja kuona kama sanduku litashushwa. Nilimwambia karatasi ipo lakini bado haijakubaliwa, na nikamwomba siku kumi. Alimtazama mwanawe aliyefungwa kitambaa mguuni, akasema, "Kumi," akarudi kwenye kahawa yake. Milima, Mbeya, na wali wa Chimala sivirudii, havikubadilika.

Kamati iliketi Iringa siku ya sita ya zile kumi. Mwenyekiti, mtu mkali ambaye ningependa kufanya kazi naye, aliisoma karatasi, akaiweka mezani.

"Mwalimu, shahidi wako wa pili alisimama wapi?"

"Kwenye kona, ametupa mgongo."

"Aliona mbio?"

"Hakuona."

Wajumbe walitazamana. Mwenyekiti akasema, si kwa dharau, "Wewe, kati ya watu wote, umetuletea shahidi asiyeona."

"Tafadhali soma mpaka mwisho."

Akainua karatasi, akasoma nilivyokuwa nimeandika kwenye goti langu: kwamba shahidi wa pili hakuona, bali alisikia miguu ikimpita mara nne, kwamba kwa kusikia alijua jeraha la mguu wa kushoto na mzunguko ambamo lilianzia, na kwamba shahidi wa kwanza, aliyekuwa na macho mawili wazi na miwani, hakulijua jeraha hilo mpaka alipoambiwa.

Alisoma mara mbili. Kisha akavua miwani yake, akaniuliza kama kijana ana viatu.

"Vimechanika."

"Atafutiwe vingine," akamwambia karani. "Basi la Dar es Salaam ni Jumatatu."